Faiba si ya Wi-Fi pekee, na mkonge si wa kamba pekee

Mtajie kijana wa Nairobi neno 'faiba' na akili yake itaenda moja kwa moja kwa Wi-Fi. Atakuuliza ni ya kampuni gani na unalipa ngapi kwa mwezi. Lakini shuka Kariobangi Light Industries, au kwa mafundi wa bodi kule Grogan, uulize faiba. Hakuna atakayekuonyesha waya. Utaonyeshwa kitambaa cheupe kinachowasha ngozi, mkebe wa resini yenye harufu ya kupasua kichwa, na bampa ya matatu imelazwa juu ya matairi mawili ikisubiri kukauka.

Zote mbili ni nyuzi za kioo, kwa taarifa yako. Moja inabeba video zako za TikTok, nyingine inabeba sura ya matatu. Leo nataka tuongee kuhusu hii ya pili. Sisi vijana tumeambiwa maneno mengi kuhusu teknolojia na karibu yote ni ya skrini: jifunze kuandika programu, fungua chaneli, tafuta kazi za mtandaoni. Sawa, hata mimi nakula kwa skrini. Ila huko nje watu wanabadilisha vitu vyenyewe, yaani kile ndege imetengenezwa nacho, kile mlango wa gari umetengenezwa nacho, na sisi tumekaa pembeni tukitazama huku malighafi iko shambani kwetu.

Tuanze na jina. Vitabuni wanaziita nyenzo mseto. Unachukua vitu viwili, nyuzi zenye nguvu na kitu cha kuzishikanisha, unaviunganisha mpaka kila kimoja kinafidia udhaifu wa mwenzake. Nyuzi peke yake ni uzi tu, ukizisukuma zinajikunja. Resini peke yake ikishakauka ni kama peremende, ukiidondosha inapasuka. Ziweke pamoja uone. Unapata ganda jepesi ambalo ukilipiga teke, mguu ndio unaumia.

Shosho yako alijua haya bila kwenda chuo. Ukuta wa nyumba ya udongo ushago una fito na nyasi ndani yake kwa sababu hiyo hiyo, kwamba udongo mtupu hupasuka ukikauka. Wamaasai wanaongeza kinyesi cha ng'ombe. Kwa hivyo mtu asikutishe na misamiati ya mikutano. Tofauti kati ya nyumba ya shosho na ndege ya Dreamliner ni aina ya nyuzi na aina ya gundi. (Na bei, sawa.)

Na hiyo Dreamliner si mfano wa mbali. Kenya Airways imekuwa ikirusha Boeing 787 tangu 2014, na nusu ya uzito wa muundo wa ndege hiyo ni nyenzo mseto, hasa nyuzi za kaboni ndani ya resini. Kule Loiyangalani, Marsabit, mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365. Kila mtambo una mapanga matatu kama ya feni, kila panga karibu mita 25. Piga hesabu: mapanga 1,095. Yote yalishushwa bandari ya Mombasa yakabebwa kwa malori hadi kaskazini, na ilibidi barabara ya zaidi ya kilomita 200 itengenezwe upya ili yafike. Hayo mapanga ni nyuzi na resini. Kimsingi ni kazi ile ile ya bampa pale Kariobangi, ila imefanywa kwenye karakana safi, kwa vipimo, na mtu akasaini karatasi kwamba itadumu.

Hapo kwa 'vipimo' na 'karatasi' ndipo penye shida yetu, tutarudi.

Kwanza niseme jambo kuhusu wasee wa Subaru. Nawapenda, lakini boneti yenye stika ya kaboni si kaboni. Ni plastiki iliyochapishwa mistari. Tunapenda sura ya nyenzo za kisasa kuliko nyenzo zenyewe. Tunalipa pesa gari lifanane na kitu chepesi, na stika yenyewe inaongeza uzito! Wakati sisi tunabandika, wenye magari ya mashindano wenyewe wameanza kuihama kaboni katika baadhi ya sehemu, na wanahamia kwa kitu ambacho ungecheka ukiambiwa: mimea.

Mwaka 2019 Porsche ilitoa gari la mashindano, 718 Cayman GT4 Clubsport, ambalo milango yake na bawa la nyuma vilitengenezwa kwa nyuzi za mimea. Walitumia kitani na mmea mmoja wa jamii ya bangi usiolewesha (tulia, si ule). Mwaka uliofuata McLaren, timu ya Formula 1, ikatengeneza kiti cha dereva kwa nyuzi za kitani ikishirikiana na kampuni ya Uswisi iitwayo Bcomp. Na kabla ya hao wote, tangu miaka ya 1990, Mercedes-Benz ilikuwa inaweka nyuzi za mimea ndani ya milango ya magari yake, ukiwemo mkonge.

Mkonge. Ule ule wa kamba na kiondo. Ule unaouona ukipita na basi Mwatate, mistari mirefu ya majani yaliyosimama kama mikuki hadi macho yanachoka. Uko Taita Taveta, uko Vipingo kule Kilifi, uko Mogotio, uko upande wa Kibwezi. Ulifika Afrika Mashariki mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche Tanganyika, na leo ukitaja Brazil kama mzalishaji mkubwa duniani, hutataja wengi kabla ya kufika kwa Tanzania na Kenya.

Sasa tunaufanyia nini? Sehemu kubwa tunaufunga marobota tunauuza nje ukiwa nyuzi ghafi. Saudi Arabia ni mmoja wa wateja, na kule mkonge huchanganywa na jasi kuimarisha plasta za dari na kuta. Ile nayo ni nyenzo mseto. Hata hapa kwetu, mwangalie fundi wa jipsamu akitengeneza mapambo ya kona za dari. Anachovya nyuzi za mkonge kwa unga uliolowa, anazibandika nyuma ya plasta ili isipasuke. Huyo fundi anafanya kwa mkono kitu ambacho kwingine kina maabara, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi yake ina jina.

Halafu upande wa pili wa mlango, fundi wa bodi ananunua kitambaa cha nyuzi za kioo kilichokuja na meli. Kioo hicho kimeyeyushwa kwa moto unaozidi nyuzi joto 1,000 ndipo kikavutwa kuwa uzi. Mkonge umeoteshwa na jua la Voi bure. Kioo kina uzito wa karibu gramu 2.5 kwa sentimita moja ya ujazo, mkonge ni kama 1.4. Kioo kikivunjika kinaacha vipande vinavyochoma, mkonge unachanika tu. Ukiniuliza mimi, hii ndiyo biashara ambayo kaunti za Taita Taveta na Kilifi zingekuwa zinapigania kila siku badala ya kugombania mipaka.

Najua kuna mhandisi anasoma hapa akitikisa kichwa, na ana haki. Mkonge hauna nguvu ya kioo, uko chini mbali ukiuvuta. Hunywa maji kama sponji. Robota hili na lile hazifanani, kwa sababu mmea si mashine. Resini yenyewe haiushiki vizuri mpaka uusafishe, na njia inayotumika sana ni kuuloweka kwenye maji yenye kostiki soda kiasi, kuusuuza, kisha kuukausha kabisa. Kwa hivyo usinisikie vibaya. Sisemi tujenge panga la Turkana kwa mkonge. Nasema paneli ya ndani ya matatu, kiti cha basi, ubao wa nyuma wa siti, boksi la boda la kubebea chakula, mlango wa kabati, dari. Vitu ambavyo havihitaji nguvu ya ndege na tunavinunua kila siku. Mtu anayesema mkonge haufai kwa sababu haubebi ndege ni kama anayekataa mwiko kwa sababu haukati nyama.

Turudi kwa vipimo na karatasi.

Fundi wa faiba wa mtaani anajua vitu vingi kuliko anavyopewa sifa. Anajua moldi lazima ipakwe nta la sivyo kazi haitatoka. Anajua ile dawa ya kugandisha, hadina, inawekwa kidogo sana, kama asilimia 1 au 2 ya resini. Anajua Julai, Nairobi ikipiga baridi, resini inakataa kukauka, na ukiongeza hadina kwa hasira mkebe unachemka mikononi na kazi inapasuka. Anajua mapovu ya hewa chini ya kitambaa ni ugonjwa, kwa hivyo anapitisha rola hadi yaishe. Hiyo ni sayansi ya nyenzo, imejifunzwa kwa hasara za mfukoni. Asichonacho ni njia ya kukuonyesha kwamba bampa yake inastahimili kiasi gani, maana hajawahi kupata mashine ya kuivuta mpaka ikatike akaandika namba.

Bila namba hauzi kwa kiwanda, wala hauzi kwa serikali. Unauza kwa mwenye matatu anayekujua, kwa bei ya kubembelezana, na kesho akija jirani yako na bei ya chini umekwisha. Huo ndio ukuta. Si kwamba vijana wetu hawana akili, ni kwamba mashine ya kupima iko ndani ya chuo kikuu imefunikwa kitambaa na ufunguo uko na mtu aliyeenda likizo. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua vizuri maabara inavyoweza kukaa kimya wiki nzima huku nje ya geti kuna watu wangeipanga foleni. Wafungue Jumamosi. Fundi alipe ada ndogo, alete kipande chake, apewe karatasi yenye namba na mhuri. Hilo halihitaji mabilioni wala mkutano wa hoteli Naivasha.

Na kuhusu cheti cha mtu mwenyewe, serikali tayari ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya mamlaka ya kitaifa ya kufuzu, KNQA. NITA nayo hutoa mitihani ya ufundi. Kama umefanya faiba miaka mitano na huna karatasi, ulizia huko. Usingoje mtu akuletee mlangoni.

Lakini kuna kitu kinachonikera kuliko cheti, nacho ni mapafu.

Ile harufu ya resini ya poliesta ni stairini. Mwaka 2018 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliipandisha stairini hadi kundi la vitu ambavyo yumkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Hadina nayo inafanana na maji, haina rangi, na tone moja likiruka jichoni linaweza kukupofusha. Vumbi la kusagia linakaa kwenye ngozi, kwa nywele, kwa shuka za nyumbani. Sasa tembea hizo karakana uhesabu maski. Utaona kitambaa kimefungwa puani. Utaona zile maski za buluu zilizobaki za korona. Hizo hazizuii mvuke hata kidogo, unahitaji maski yenye kichujio cha mkaa, na vumbi linahitaji kichujio chake. Utaona pia chupa ya soda imejazwa hadina, haina maandishi, na mtoto wa mwenye kibanda anacheza hapo karibu.

Tukiongea kuhusu uvumbuzi bila kuongea kuhusu hili, tunafanya porojo. Kijana wa miaka 19 anayeanza kazi hii leo anavuta mvuke huo siku sita kwa wiki. Hana bima ya maana. Bosi wake anamwambia utazoea. Ni kweli, pua huzoea, baada ya muda huisikii tena harufu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kama wewe ndiwe huyo kijana, ndugu yangu, ama dada yangu, toa kazi nje ya chumba, simama upande upepo unakotoka, vaa miwani ukipima hadina, na maski ya kichujio iwe kitu cha kwanza unachonunua kabla ya viatu vipya. Nimesema.

Kuna swali lingine ambalo tasnia yenyewe duniani imelikwepa miaka mingi: kikivunjika, kinaenda wapi? Chuma kuukuu kina soko, tunajua, mpaka vifuniko vya mitaro vinaibwa. Faiba haina mnunuzi. Resini ikishaganda haiyeyuki tena, huwezi kuichemsha uitengeneze upya kama beseni. Ujerumani Mashariki walitengeneza Trabant kati ya 1957 na 1991, karibu magari milioni 3, bodi zake zikiwa mabaki ya pamba na resini. Wazo zuri, jepesi, halishiki kutu. Ukuta wa Berlin ulipoanguka na watu wakayatupa, hakuna aliyejua afanye nini na hizo bodi. Marekani mwaka 2020 picha zilisambaa za mapanga ya upepo yamekatwakatwa yakizikwa ardhini kule Casper, Wyoming, kama makaburi ya nyangumi.

Wameanza kuamka. Siemens Gamesa ilitangaza mwaka 2021 panga ambalo resini yake inaweza kutenganishwa na nyuzi mwisho wa maisha yake. Vestas, kampuni ambayo mitambo yake ndiyo iko Turkana, ilitangaza mwaka 2023 njia ya kikemia ya kuvunja resini ya epoksi ya mapanga yaliyopo tayari. Ujerumani kuna kiwanda cha saruji kinachosaga mapanga: resini inakuwa kuni, kioo kinaingia kwenye saruji. Sasa fikiria. Mkataba wa kuuza umeme wa Turkana ni wa miaka 20, na mradi ulizinduliwa rasmi 2019. Ikifika karibu na 2040, wewe mwenye miaka 22 leo utakuwa bado hujafika 40, na kutakuwa na mapanga 1,095 kule Marsabit yanauliza yapelekwe wapi. Viwanda vya saruji viko Athi River. Mtu ataichukua hiyo tenda. Nina shaka itakuwa kampuni yenye jina la Kizungu kama hakuna kijana aliyeanza kujiandaa mapema.

Siyo kwamba hatujaonyesha tunaweza. Nzambi Matee wa Gjenge Makers hapa Nairobi anachanganya plastiki taka na mchanga, anatoa matofali ya kutandika njia, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya vijana wa mazingira. Kule Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walijenga Flipflopi, jahazi la mita 9 la plastiki iliyookotwa, likavaa rangi za ndara kuukuu, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, kama kilomita 500. Hilo la Lamu linanifurahisha zaidi, kwa sababu halikutoka maabara. Lilitoka kwa mtu ambaye mikono yake tayari ilijua mbao, akaambiwa ajaribu kitu kingine kwa ustadi ule ule. Ila sisi tuna tabia mbaya. Mtu akishinda tuzo tunapiga picha naye, tunamweka kwa hotuba ya sherehe, halafu barabara ya mtaa inatandikwa simiti ile ile ya jana. Tuzo halilipi kodi ya karakana. Oda ndiyo inalipa.

Basi, kama umefika hapa na una mikono inayowasha kufanya kitu, nina jaribio. Tafuta rafiki mwenye moldi yoyote bapa, hata kioo cha dirisha kilichopakwa nta. Nunua nyuzi za mkonge, uziloweke kama nilivyosema, uzikaushe juani siku mbili. Kostiki soda inaunguza, vaa glavu na miwani. Toa vipande viwili vya ukubwa mmoja, kimoja cha kitambaa cha kioo, kimoja cha mkonge, resini ile ile, siku ile ile. Viache wiki nzima. Vipime kwa mizani ya duka. Kisha viweke juu ya matofali mawili, uning'inize ndoo katikati, uongeze maji lita moja moja huku rafiki akirekodi, mpaka kimoja kisalimu amri. Cha pili kiloweke kwa beseni siku tatu urudie.

Andika kila namba, hata ile mbaya. Hasa ile mbaya. Halafu nitumie, nitaichapisha hapa na jina lako.